Mkebe wa Fuladoyo

JUMAMOSI YA KWANZA

Upepo wa Ruiri hauna adabu. Unapanda kutoka Isiolo na vumbi lake, unachezea mabati usiku kucha, na asubuhi unakuta maharagwe yamelala kana kwamba kundi la ng'ombe limepita juu yake. Juju husema wazee walipogawa ardhi, mtoto waliyempenda walimpa penye migomba, na yule waliyemshuku wakampa upepo. Sisi tulipewa upepo.

Nilikuwa nikiyachukua maneno hayo kuwa utani wa bibi kizee, hadi barua ilipokuja. Iliandikwa kwa adabu kubwa, kama barua zote mbaya. Wazee wa ukoo wangefika Jumapili kusikiliza "jambo la asili ya nyumba hii." Baba mdogo alikuwa akifuatilia hati ya shamba, na huko Imenti mtu alikuwa amesimama kikaoni akasema kwamba mzee aliyeanzisha boma letu hakuwa mtoto wa ukoo huo wala wa ukoo wowote. Ikiwa ni kweli, miaka yote hii tumelima cha wenyewe.

"Juju," nilimwambia, "lazima kuwe na kitu. Karatasi, kaburi, shahidi."

"Upo mkebe," akasema.

Ulikuwa chini ya kitanda, umeliwa na kutu pembeni. Wakati wa Hali ya Hatari, watu walipohamishiwa vijijini, aliufukia chini ya mafiga, akaufukua mambo yalipotulia. Ndani yake mlikuwa na ganda la risasi, kauri kumi na moja zilizotobolewa, na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kipande cha marekani. Nilinyoosha mkono kuichukua. Akanipiga kofi la kidole.

"Hadithi kwanza, mume wangu. Karatasi haina miguu."

Juju ana miaka tisini na ushei. Alipoolewa katika boma hili, baba mkwe wake bado alikuwa hai, mzee sana, akiitwa na watu Mzee wa Mkebe. Kazi ya bibi arusi ilikuwa kumpelekea uji. Mzee alimsimulia akiwa amegeuza uso, kama heshima ya wakwe inavyodai, kwa hiyo hadithi hii ilisimuliwa ukuta kabla ya kunifikia mimi.

Ilianza hivi. Kulikuwa na kijana wa Imenti. Kama kila mtoto wa Kimeru alikuwa amelala usingizi mara nyingi akisikia habari za Mbwaa, kile kisiwa cha Pwani ambako wazee wetu walitumikishwa na Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu, mpaka usiku maji yalipofunguka wakavuka. Waliovuka gizani wakawa ukoo mweusi, wa alfajiri wakawa wekundu, na waliovuka jua limekwisha kutoka wakawa weupe. Sasa fikiria mtoto aliyelelewa kwa hadithi hiyo anakamatwa akichunga mbuzi, anauzwa mkono kwa mkono mara tatu, anafuata mto Tana kuteremka, na siku moja anaiona bahari. Wazee wake walichukua vizazi kadhaa kuikimbia. Yeye alirudishwa kwa miezi miwili.

Alilima mtama katika mashamba ya Malindi hadi akaota ndevu. Kisha akatoroka, akaingia Fuladoyo, kijiji cha watoro ndani ya nyika nyuma ya Pwani, mahali ambapo kila mtu alikuwa na bei yake na hakuna aliyetaka kuilipa.

Mwaka 1890 akaja mzungu mwembamba wa masharubu, Kapteni Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka uliotangulia, Januari mosi 1889, Kampuni hiyo ilikuwa imewakomboa kwa fedha watoro zaidi ya 1,400 waliojificha kwenye misheni za Rabai na kwingineko. Safari hii haikutoa fedha bure. Lugard aliwaambia watoro wa Fuladoyo na Makongeni: fanyeni kazi ya Kampuni, mshahara wenu uende kwa mabwana mpaka bei itimie, halafu mko huru. Wengi wakakubali. Naita kukubali, ingawa sijui lugha gani ina neno la mtu anayejitolea ili ajinunue.

Kijana wa Imenti aliandikwa pamoja na mtoro mwingine, rika lake, aliyetoka ng'ambo ya ziwa Nyasa. Pwani walimwita Mnyasa na basi, kama vile mwenzake walivyomwita Mmeru. Mnyasa alimjua Lugard kwa sifa. Mwaka 1888, huko Karonga, mzungu yuyo huyo alikwenda kwa hiari yake kupigana na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, na risasi ikampita mkononi na kifuani. Watu walisema alikuwa akitafuta kifo kwa ajili ya mwanamke aliyemwacha Uingereza. Nimesoma baadaye nikakuta hawakukosea sana.

Agosti 1890 msafara ukatoka Mombasa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, na juu yake wengine walipewa bunduki ya Snider. Oktoba wakafika Dagoretti, mpakani mwa nchi ya Wakikuyu. Lugard akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma la miti, na wapagazi wakapumzisha mabega.

Asubuhi moja ukungu ukainuka. Kijana wa Imenti alikuwa akichota maji. Akainua uso, akauona upande wa kaskazini, mweupe juu, mweusi chini, ukiwa umegeuza ubavu asioujua. Kirimaara. Mlima wa kwao. Nyuma yake ndiko mama yake alikokuwa.

Hakula siku hiyo. Usiku, moto ulipofifia, aliuacha mzigo wake umekaa vizuri pamoja na mingine, akatambaa hadi penye uwazi wa boma, akatoka. Hatua kumi. Ishirini. Nyasi zilikuwa na umande.

Nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kuguswa, akasikia mtambo wa bunduki ukivutwa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

JUMAMOSI YA PILI

*Ilipoishia: Kijana wa Imenti ametoroka usiku kwenye boma la Dagoretti baada ya kuuona mlima wa kwao. Bunduki imevutwa nyuma yake.*

"Ukiongeza hatua," sauti ikasema polepole, "deni lako nalibeba mimi."

Alikuwa Mnyasa. Kumbe waliandikwa wawili wawili, na mmoja akikimbia, mwenzake anatumikia bei za watu wawili. Hakuna minyororo, hakuna mjeledi. Mwandishi mwenye kalamu alitosha.

Walikaa kwenye umande mpaka alfajiri. Juju anasema hawakugombana. Mnyasa aliuliza tu: "Kutoka hapa hadi kwenu, mito mingapi?" Kijana wa Imenti akamtajia mikubwa jinsi alivyoisikia kwa wazee: Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita. Mnyasa akairudia. Akakosea, akasahihishwa, akairudia tena kama mtoto wa chuoni na alifu kwa kijiti. Tangu usiku huo ikawa desturi yao. Kila walipopiga kambi, Naivasha, bondeni, Busoga, Mnyasa alikuwa akisema, "Nipeleke kwenu." Na kijana wa Imenti akimpeleka: kijito nyuma ya nyumba, jiwe alilokaa babu yake, mama aliyekuwa akilima viazi vikuu na kuongea navyo kama watu.

"Kwa nini yeye hakusimulia kwao?" nilimuuliza Juju.

"Alichukuliwa mgongoni mwa mama yake, na mama akafia njiani. Angesimulia nini?"

Desemba wakavuka Nile, na tarehe 18 wakaingia Mengo, mji mkuu wa Buganda. Hapo ndipo walipogundua wameletwa vitani.

Mimi hufundisha historia, na kila mwaka najaribu kuieleza vita hii ubaoni bila kupotea. Kabaka Mwanga alipinduliwa Septemba 1888 na vijana wake mwenyewe wa bunduki, Wakristo na Waislamu wakiwa bega kwa bega. Urafiki wao ulidumu kama mwezi. Waislamu, wakisaidiwa na wafanyabiashara wa Pwani waliokuwa mjini, wakawafukuza Wakristo. Kiwewa aliwekwa kitini, akakataa kutahiriwa, akaondolewa, akawekwa Kalema. Mwanga, mkimbizi kusini mwa ziwa, akapata msaada kwa Charles Stokes, Mwailandi aliyeingia nchini kama mtu wa misheni akaishia kuuza pembe na baruti. Mashua ya Stokes ilimrudisha, na kufikia Februari 1890 Mwanga alikuwa amekikalia tena kiti chake. Stokes mwenyewe alikuja kunyongwa na ofisa wa Kibelgiji huko Kongo, Januari 1895, kwa kuuza bunduki hizo hizo kwa watu wasiotakiwa.

Basi Wakristo walipopata nchi, wakagawana. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza. Waganda wenyewe hao, ndugu wa tumbo moja, kilima hiki Wafaransa na kilima kile Waingereza! Rubaga na Namirembe zinatazamana. Mtu akipiga chafya huku, kule wanasikia.

Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama kuna Mwafrika aliyewahi kwenda kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya watu wengine. Nawatajia Nicholas Said, mzaliwa wa Borno, aliyejiunga mwaka 1863 na kikosi cha 55 cha Massachusetts kule Marekani. Wanaandika daftarini. Sikujua kwamba mwingine alikuwa chini ya kitanda cha Juju.

Lugard, ambaye Waganda walimwita Kapere, alipanda kilima cha Kampala bila kuomba ruhusa, akajenga ngome, na siku moja baada ya Krismasi Mwanga akatia sahihi mkataba asioupenda. Ngomeni mlikuwa na Wasudani, Wasomali, Waswahili na watoro wa Fuladoyo. Hakuna mmoja aliyekuwa na ugomvi na Mganda yeyote.

Mei 1891 wakatolewa. Kalema alikuwa amekufa kwa ndui na Waislamu sasa walimfuata Mbogo, wakiwa wamejikusanya mpakani mwa Bunyoro. Wafaransa na Waingereza waliungana kwa muda, Kapere akawafuata na askari wake, na majeshi mawili yakafika kwenye kinamasi, moja upande huu wa mafunjo, moja upande ule.

Jioni kabla ya vita kukawa kimya. Wapagazi waliopewa bunduki walilala kifudifudi pembeni mwa maji. Kijana wa Imenti na Mnyasa walikuwa mbele kabisa, wakishirikiana tumbaku.

Ndipo sauti ilipovuka kinamasi. Haikuwa Kiganda. Ilikuwa Kiswahili laini cha Malindi, kama mtu anayeuliza bei ya samaki.

"Enyi wa Fuladoyo! Mmelipwa ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Sauti ikauliza mara ya pili, ikicheka. Na kabla kijana wa Imenti hajamkamata nguo, Mnyasa aliiweka bunduki yake chini, akasimama wima juu ya mafunjo, akaonekana na majeshi yote mawili.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

JUMAMOSI YA TATU

*Ilipoishia: Mbele ya kinamasi, sauti ya Malindi imewauliza watoro wamelipwa kiasi gani. Mnyasa amesimama bila silaha.*

"Bado!" Mnyasa akapaza sauti. "Tunadai!"

Kicheko kilitoka pande zote mbili. Mzee wa Mkebe alimwambia Juju kuwa hakuwahi kusikia tena kicheko kama kile, majeshi mawili yakicheka kitu kimoja. Kisha upande wa pili ukajibu, "Na sisi tunadai!" na giza likaingia. Asubuhi yake waliuana. Waislamu walishindwa, wakarudi nyuma Bunyoro, na mwenye sauti ya Malindi hakujulikana kama alipona.

Miezi iliyofuata Juju huipitia haraka, nami nitafanya vivyo hivyo. Walimfuata Kapere magharibi hadi karibu na ziwa Albert, wakawakuta Wasudani wa Selim Bey, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, wamekaa na wake na watoto na watumwa wao, bado wakijiita askari wa Khedive wa Misri aliyewasahau. Selim Bey alikataa kuitumikia bendera nyingine bila ruhusa ya Khedive mpaka akaahidiwa kwamba ruhusa ingeombwa. Mimi humheshimu kwa hilo. Aliuliza alichopaswa kuuliza kila mmoja wao.

Desemba 31, 1891, walirudi Kampala. Mji ulikuwa umekauka kama nyasi za Septemba, ukingoja cheche tu. Cheche ilikuwa bunduki moja iliyoibwa. Mwingereza mmoja, yaani Mganda wa dini hiyo, akauawa na Mfaransa, Mganda mwenziwe. Mwanga akamwachilia muuaji. Kapere akadai haki, akakataliwa, akafungua ghala, na mamia ya bunduki yakagawiwa Waingereza usiku.

Jumapili, Januari 24, 1892. Saa za misa. Bunduki zililia kwanza bondeni, halafu vilima vyote vikaitikia. Kampuni ilikuwa na mizinga ya Maxim, ile inayotema risasi kama mvua ya mawe. Mmoja ulikuwa mkongwe uliochakazwa na safari ya Stanley kuvuka bara, ukawa unakwama. Lakini hata ule unaokwama uliwatosha watu wenye magobori. Wafaransa wakavunjika, kanisa la Rubaga likawaka moto, Mwanga akakimbilia visiwani. Siku chache baadaye wakafuatwa hadi Bulingugwe, na ziwa likapokea wengi ambao risasi zilikuwa hazijawapata.

Juju alinyamaza, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Kwenye mteremko wa Rubaga," akasema, "mmoja wao akaanguka. Risasi ya tumbo. Mwenzake akamvuta chini ya mgomba, wakakaa pamoja mpaka jua likatua. Aliyekuwa akifa akasema: Nenda kwa mama. Mwambie nilikuwa njiani."

"Mnyasa," nikasema. "Maskini. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kufa, wewe mwenyewe uliniambia..."

Nikaishia hapo.

Nje, Jumapili ilikuwa imepamba moto. Baba mdogo alikuwa akipanga viti vya plastiki chini ya mti, na mtoto wa jirani alikuja kusema gari la wazee limeonekana likipinda kutoka barabara ya lami. Juju akakifungua kile kipande cha marekani, akaninyooshea karatasi.

"Sasa soma. Mimi hawakunipeleka shule."

Ilikuwa imevunjika kwenye mikunjo. Karani wa Kampuni ameandika kwa wino uliogeuka rangi ya chai, mwandiko wenye mikia mirefu. Mistari miwili, kwa kuwa waliandikwa wawili wawili. Mstari wa juu: Mmeru. Ameuawa Mengo, Januari 1892. Deni limefutwa. Mstari wa chini: Mnyasa. Bei imetimia. Huru.

Nilisoma mara tatu. Nikakumbuka kwamba katika usimulizi wake wote Juju hakuwahi hata mara moja kusema "baba mkwe wangu alilima Malindi," au "baba mkwe wangu aliuona mlima." Alisema kijana wa Imenti. Daima kijana wa Imenti.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Alishikwa na homa, akaanza kulia kama mtoto kwa lugha ambayo hakuna mtu aliyeifahamu. Alipopona akaniuliza nimesikia nini. Nikasema, nimesikia upepo. Ndipo akaanza kunisimulia."

"Alikuja huku kufanya nini?"

"Kupeleka salamu, mume wangu. Hakuna zaidi. Alipata uhuru wake akakuta hana pa kuupeleka. Mito alikuwa nayo kichwani, akaifuata mmoja mmoja. Akafika akakuta jiwe, akakuta kijito, akamkuta mama wa yule kijana ameketi mlangoni, macho yamekwisha kuingia giza. Kabla hajafungua kinywa, yule mama akamshika uso kwa mikono miwili, akapiga kelele, akaita majirani. Mwanangu amerudi." Juju akajifuta pua kwa pembe ya leso. "Wewe ungesema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiwaza kwamba mtu huyo alimlisha mama asiye wake, akamzika, akaoa, akapewa ardhi ya mwisho kabisa, mahali upepo unapoanzia, na wazee waliompa labda walijua, labda walishuku, labda walimhurumia. Na kwamba mimi, mwalimu wa historia, nina jina la ukoo la kijana aliyelala chini ya mgomba Rubaga.

Milango ya gari ilifungwa nje. Mmoja, wa pili, wa tatu. Fimbo zikagusa ardhi.

"Kuna mzee mmoja kati yao," Juju akasema kwa sauti ndogo, "ambaye mama yake alikuwa pale siku ile ya kelele mlangoni. Nadhani yeye ndiye aliyesema kikaoni. Hana ushahidi. Ushahidi wote duniani umo mkononi mwako."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kiberiti, akakiweka juu ya mkebe katikati yetu.

"Sikuambii ufanye nini. Mimi ni mke tu katika boma hili. Wewe ndiye damu yake."

"Hodi wenyewe!" sauti nzito ikaita uani.

Karatasi ilikuwa ikitetemeka, na upepo ulikuwa haujaingia ndani. Nikakichukua kiberiti. Kilikuwa na njiti moja.

Mlango ukasukumwa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*